UZI: Kukaa sana si kuwa raia. Historia ya foleni ya uraia Kenya, na jinsi mkazi wa kudumu anavyofaa kujipanga

1/ Siasa zikipamba moto, utasikia kauli mbili zikigongana. Ya kwanza: "Hawa ni wageni, wanapewa vitambulisho ndio wapige kura." Ya pili: "Huyu amekaa hapa miaka thelathini, ni Mkenya tayari, mwacheni." Zote mbili hupigiwa makofi, na zote mbili zinaruka sheria. Leo sitaji mwanasiasa wala chama. Tupitie historia kwanza, halafu tuone mkazi wa kudumu anayetaka kuomba uraia ajipange vipi. Shika chai, uzi ni mrefu.

2/ Msingi wa stori yote ni huu: Kenya haijawahi kumfanya mtu raia kwa sababu tu amekaa sana. Tangu 1963, kati ya kukaa na kuwa raia pamesimama vitu viwili, tarehe na karatasi. Ukipitwa na tarehe, au ukikosa karatasi, unabaki nje, hata kama wazazi wako wamezikwa hapa.

3/ Na hii mapenzi yetu na karatasi ni ya zamani kuliko Jamhuri. Sheria ya mkoloni ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande chenye alama za vidole na rekodi ya kazi, kikiwa ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Kipande hakikuwa cha kukupa haki. Kilikuwa cha kukuzuia usitoroke kazi ya mzungu. Mpaka leo watu wengi huita kitambulisho "kipande". Jina limebaki, na ile tabia ya ofisi kumwangalia mwombaji kama mshukiwa nayo haijaisha kabisa.

4/ Tuje 12 Desemba 1963. Katiba ya uhuru iligawa watu mafungu. Ukiwa umezaliwa Kenya, na angalau mzazi mmoja amezaliwa Kenya, uliamka siku hiyo ukiwa raia, bila fomu yoyote. Lakini ukiwa umezaliwa hapa na wazazi wako wote wawili walizaliwa nje, hukuwa raia. Ulipewa haki ya kusajiliwa ukiomba, na muda wa miaka miwili. Mwisho: 12 Desemba 1965.

5/ Waliohusika zaidi na dirisha hilo ni Waasia wa Kenya. Sensa ya 1962 iliwahesabu karibu 177,000. Wengine walikuwa watoto wa wenye maduka, wengine wa makarani, wengine wa mafundi wa reli. Wengi walizaliwa Mombasa, Kisumu au Nairobi na hawakuwa na kwao kwingine wanakokujua. Hata hivyo, walioomba kabla ya dirisha kufungwa walikuwa wachache wakilinganishwa na idadi hiyo.

6/ Mbona hawakuomba? Wanasiasa wa siku hizo walisema ni kukosa uzalendo, na kauli hiyo bado inasikika. Ukweli una pande zaidi. Katiba haikuruhusu uraia wa nchi mbili, kwa hivyo kuchukua wa Kenya kulimaanisha kurudisha pasipoti ya Uingereza. Nchi ilikuwa changa na hakuna aliyejua kesho italeta nini. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yaliongeza hofu. Familia nyingine ziligawana: kaka mmoja Mkenya, mwingine Mwingereza, ili nyumba isianguke yote upande mmoja. Wengine walisema wangoje kidogo waone. Na wahenga walishasema, ngoja ngoja huumiza matumbo.

7/ Mwaka wa 1967 bili ya kungoja ililetwa mezani. Sheria mpya ya uhamiaji ilimtaka asiye raia awe na kibali ndipo afanye kazi. Sheria ya leseni za biashara ikamzuia asiye raia kuuza baadhi ya bidhaa na kufanya biashara sehemu fulani bila leseni maalum. Mtu aliyefungua duka la babake pale pale kwa miaka ishirini akajikuta anaomba ruhusa ya kuendelea kulifungua.

8/ Wengi wakaanza kukimbilia London kwa zile pasipoti walizozihifadhi. Uingereza nayo ikapitisha sheria kwa siku chache tu, na kufikia 1 Machi 1968 ilikuwa inatumika. Ukiwa na pasipoti ya Uingereza, lakini huna mzazi wala babu au nyanya aliyezaliwa huko, unaingia kwa vocha, na vocha zilikuwa 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Kwa hivyo kuna watu waliokuwa na pasipoti mkononi na hawana nchi ya kuingia. Huku si raia, kule hawapokelewi.

9/ Ndani ya stori hiyo kuna watu ambao husahaulika: walioomba uraia wa Kenya ndani ya muda. Wengi walipeleka maombi miezi ya mwisho ya 1965, na faili zao zikakaa kwa miaka bila jibu. Walifanya kila walichoambiwa na sheria, na sheria ya 1967 ikawakuta bado kwenye foleni. Kwa hivyo 1965 ina somo la pande mbili. Mwombaji akichelewa, anaumia. Ofisi ikichelewa, anayeumia bado ni mwombaji.

10/ Halafu ikaja 1985. Kabla ya hapo, mtoto aliyezaliwa Kenya baada ya uhuru kwa kawaida alikuwa raia kwa sababu amezaliwa hapa. Katiba ikabadilishwa: kuzaliwa hapa pekee hakutoshi, lazima mzazi mmoja awe raia. Mabadiliko hayo yakarudishwa nyuma hadi 12 Desemba 1963. Kwa hivyo mtu akikwambia "nimezaliwa Pumwani, mimi ni raia moja kwa moja", mwambie kwa upole kwamba sheria itamuuliza wazazi wake walikuwa nani.

11/ Kuna na wale ambao hata dirisha hawakuonyeshwa. Wamakonde walitoka Msumbiji, wengi wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa huko Pwani. Wanubi walikuja kama askari wa mkoloni na kukaa Kibra tangu mwanzo wa karne ya 20. Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulitoa, bunduki tukatoa, karatasi tukanyima. Mwaka wa 2011, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia.

12/ Hata raia kamili hawakupona. Mwaka wa 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipigishwa foleni ya ukaguzi na kupewa kadi ya ziada ya kuthibitisha kwamba wao ni Wakenya kweli. Mtu ana kitambulisho, halafu anahitaji karatasi nyingine ya kutetea kitambulisho. Ukiona leo jamii fulani inakasirika ikisikia neno "kukaguliwa", usidhani hasira hiyo imeanza jana.

13/ Katiba ya 2010 ilirekebisha mengi. Uraia wa nchi mbili ukaruhusiwa. Mama Mkenya akapata haki sawa na baba ya kumpa mtoto uraia popote mtoto anapozaliwa. Kabla ya hapo, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mkenya alikuwa na haki ya kusajiliwa, lakini mwanamume mgeni aliyemwoa Mkenya hakuwa nayo. Sasa wote wanapita mlango mmoja: ndoa ya angalau miaka saba.

14/ Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ikafungua dirisha kwa wasio na nchi walioishi hapa mfululizo tangu 12 Desemba 1963, pamoja na vizazi vyao. Umeona tarehe ile ile imerudi? Muda ulikuwa miaka mitano, ukaongezwa mitatu, ukaisha 2019. Na katika ile mitano ya kwanza, karibu hakuna kilichosonga. Oktoba 2016 Wamakonde wakaamua kutembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi, mpaka Ikulu ikawasikiza. Baadaye takriban 1,500 wakapata vyeti. Washona zaidi ya 1,600 wakapata vyao 2021. Wapemba wa Pwani wakatambuliwa 2023.

15/ Angalia vizuri jambo hili likisemwa kwenye mikutano. Kila mara linatangazwa kama zawadi: rais fulani ametoa, serikali fulani imekumbuka. Lakini sheria ilikuwepo tangu 2011. Kilichokosekana ni ofisi kufanya kazi yake. Haki ikigeuzwa zawadi, aliyepewa anadaiwa kura, na asiyepewa anaonekana ni mlalamishi tu. Hapo ndipo ile kauli ya "wanapewa vitambulisho ndio wapige kura" hupata mafuta.

16/ Sasa tumfikie mkazi wa kudumu. Hadhi hii nayo iko kwenye sheria ya 2011. Wanaoweza kuipata ni pamoja na waliokuwa Wakenya kwa kuzaliwa wakaacha uraia, wenzi wa Wakenya waliofunga ndoa kwa angalau miaka mitatu, na mtu aliyeshika kibali cha kazi kwa angalau miaka saba na kukaa hapa mfululizo miaka mitatu ya mwisho. Unaishi, unafanya kazi, unalipa ushuru. Lakini hupigi kura, na ardhi huwezi kuimiliki zaidi ya kukodi kwa miaka isiyozidi 99. Neno "kudumu" linahusu ukaaji. Halihusu uraia.

17/ Nina rafiki mwalimu, mzaliwa wa Uganda, anafundisha Nakuru na ana ukaaji wa kudumu. Juzi aliniuliza, "Ndugu yangu, si nimeshamaliza? Nimebakisha nini?" Nikamwambia afungue Kifungu cha 15 cha Katiba, asome vitenzi. Mwenzi wa Mkenya aliyetimiza miaka saba ya ndoa "ana haki" ya kusajiliwa akiomba. Mkazi halali wa miaka saba mfululizo "anaweza kuomba". Haya si maneno ya kufanana. Wa kwanza anadai chake, wa pili anaomba na anaweza kukataliwa.

18/ Tofauti hiyo ilikuwepo hata 1963. Aliyezaliwa hapa alipewa haki ndani ya miaka miwili. Aliyekuja na kukaa alipewa nafasi ya kuomba, na moja ya masharti ya kuomba uraia wakati huo ilikuwa kujua Kiswahili. Kwa hivyo swali la kwanza la kujipanga si "fomu iko wapi". Ni "mimi nasimama mlango gani?" Ukijua mlango, unajua mzigo wa ushahidi ulio nao.

19/ Kwa anayesimama mlango wa ukaaji, sheria ya 2011 inataka haya. Miaka saba ya ukaaji halali mfululizo kabla ya kuomba, na miezi kumi na miwili ya mwisho uwe umeishi humu nchini. Uijue Kenya vya kutosha, pamoja na haki na wajibu wa raia. Uelewe na uzungumze Kiswahili au lugha ya kienyeji. Usiwe umehukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Usiwe umetangazwa mufilisi. Na uonyeshe kwamba umechangia, au unaweza kuchangia, maendeleo ya nchi.

20/ Kujipanga, hatua ya kwanza: andika ratiba ya maisha yako Kenya kwenye karatasi moja. Kibali cha kwanza kilianza lini, kikaisha lini, cha pili kikaanza lini. Kila safari ya nje, tarehe ya kutoka na ya kurudi, ukilinganisha na stempu za pasipoti. Unatafuta pengo. Sheria haisemi miaka saba tu, inasema halali na mfululizo. Rafiki yangu alipofanya hesabu hiyo alipata wiki sita kati ya kibali kimoja na kingine ambapo karatasi ilikuwa bado inashughulikiwa. Risiti ya ombi la wakati huo alikuwa ameihifadhi. Hiyo risiti sasa ina thamani kuliko barua kumi za sifa. Kama una pengo na huna risiti, onana na wakili kabla ya kuwasilisha ombi.

21/ Pili, majina. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, pasipoti, vibali, vyote viseme jina moja kwa herufi zile zile. Kama kuna tofauti, irekebishe au upate hati ya kiapo mapema. Tatu, cheti cha tabia njema kutoka polisi, na hati za ushuru zilizo sawa. Nne, weka nakala za kila kitu mahali pawili, na kila ukipeleka karatasi ofisini uondoke na ushahidi kwamba imepokelewa. Waliokwama 1965 wangekwambia faida yake.

22/ Tano, angalia sheria ya nchi uliyotoka. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili, lakini nchi yako huenda isiruhusu. Uganda inaruhusu kwa masharti. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. India pia hairuhusu. Kuna mtu atapata cha Kenya na kupoteza cha kwao siku hiyo hiyo, pamoja na haki ya shamba la urithi. Huu ni uamuzi wa kuketi na familia, usiufanye peke yako kwenye simu saa sita usiku.

23/ Sita, soma Katiba. Kaunti 47, mihimili mitatu, Sheria ya Haki, wajibu wa raia. Wakenya wengi waliozaliwa hapa wangebabaika wakiulizwa hayo, lakini wao hawaulizwi. Saba, usimpe dalali hela. Uraia wa kusajiliwa uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa chini ya Kifungu cha 17, hata miaka ikipita. Dalali atakuwa amebadilisha laini ya simu, na wewe utakuwa unajitetea peke yako.

24/ Na kuna sababu ya kutongoja tena. Kifungu cha 14 kinasema mtoto ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mzazi mmoja alikuwa raia. Siku hiyo, si baadaye. Mwalimu wangu ana binti aliyezaliwa Nakuru, anayeimba wimbo wa taifa shuleni kila wiki, na kisheria si raia kwa kuzaliwa, kwa maana babake na mamake wote ni Waganda. Akija mtoto mwingine baada ya baba kusajiliwa, huyo atakuwa raia kwa kuzaliwa. Watoto wawili, sahani moja, hadhi mbili, tofauti ikiwa tarehe iliyo kwenye cheti cha baba. Kumbuka mtu aliyesajiliwa hawezi kuwa rais, kwa sababu rais lazima awe raia kwa kuzaliwa. Kwa hivyo hata ndoto za hao watoto wawili ukubwani hazilingani kisheria.

25/ Turudi kwenye mijadala yetu. Anayesema wageni wanapewa uraia ovyo, muulize: ni kwa kifungu kipi, na sharti lipi limerukwa? Kama kuna karani anayeuza vitambulisho, hilo ni kosa la jinai, ashtakiwe kwa jina lake, sio jamii nzima isimamishwe foleni. Anayesema ukikaa sana umeshakuwa Mkenya, mwonyeshe 1965, na umwambie anawapoteza watu wanaohitaji kupeleka ombi.

26/ Na sote tuulize swali ambalo jukwaani halipigiwi makofi: ombi la uraia linajibiwa baada ya miezi mingapi, na likikataliwa, sababu inatolewa kwa maandishi? Kifungu cha 47 kinasema kila mtu ana haki ya huduma ya serikali iliyo ya haraka, halali na ya haki, na ya kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Soma tena: kila mtu. Hakisemi kila raia. Kwa hivyo aliye kwenye foleni akingoja kuwa Mkenya tayari analindwa na Katiba ya Kenya, na ofisi inayokalia faili yake bila neno inaivunja Katiba hiyo hiyo ambayo yeye anaambiwa aisome.

27/ Mwisho wa uzi. Kama una ukaaji wa kudumu, anza na ile ratiba ya namba 20 wikendi hii. Kama wewe ni raia na una jirani wa namna hii, mtumie. Maswali wekeni hapa chini, ila matusi na majina ya vyama yaacheni kwenu.